Spika, Mabati na Mwangwi: Maelezo ya Kamati ya Vyombo

Hotuba iliyoandaliwa kwa sherehe ya Jubilii ya miaka 25 ya kwaya



Tumepewa dakika kumi na tano, na harufu ya pilau tayari inaingia dirishani, kwa hivyo hatutazunguka. Mlituchangia pesa za kununua spika kubwa za Jubilii. Mlichanga kwa harambee mbili, kwa mayai na ndizi zilizopigwa mnada hapa mbele, na wengine kwa bahasha ambazo tunajua zilitoka kwa karo ya watoto. Leo mmeingia, mmetazama huku na huku, na spika kubwa hamjaziona. Mmeona vitambaa vya kitenge ukutani. Mlangoni tumeulizwa kama Kamati ya Vyombo imefungua duka la nguo. Swali ni la haki na pesa ni zenu, kwa hivyo tuwaeleze zilikoenda.

Mnakumbuka tulikotoka. Jumapili kwaya ikisimama, wanaokaa viti vya mbele walikuwa wanaziba masikio, na wanaokaa nyuma walikuwa hawapati neno. Tulifikiri tatizo ni nguvu, kwa hivyo tukawa tunapandisha sauti. Ilipopanda, maikrofoni zilianza kulia ule mlio unaochoma masikio, na kila mlio ulipotoka, kanisa zima liligeuka kumtazama kijana wetu wa mitambo. Tulimlaumu yeye. Tulimlaumu kwenye mikutano na tukamlaumu kwenye simu. Siku moja alizikunja nyaya zake vizuri, akaweka ufunguo wa kabati mezani, na hatukumwona kwa miezi minne.

Wakati huo nyanya mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili tangu kwaya ilipoanza, alitwambia jambo ambalo lingetuokolea muda mwingi kama tungelisikiliza. Alisema, "Alhamisi mkifanya mazoezi chini ya jakaranda, mimi niko kule kwa tangi la maji nachota, na kila neno nalipata. Jumapili mko na mitambo, niko ndani ya nyumba moja na nyinyi, nasikia tu mnaimba. Mnaimba nini, sijui." Tulicheka, tukamwambia, "Nyanya, subiri spika mpya."

Basi tukaenda Nairobi, watu watano, kwenye duka linalouza spika za bei ya juu. Mwenye duka alitukaribisha kwenye chumba cha kusikilizia. Kulikuwa na zulia unalozama mguu, makochi makubwa, mapazia mazito pande mbili, na rafu ya vitabu nyuma. Akatuketisha katikati, akaweka muziki wa kwaya, na jamani, tulisikia waimbaji wakivuta pumzi. Mmoja wetu alitoa kitambaa akafuta macho. Tulitoka tukisema zile ndizo, hata kama bei yake ingemaliza kila shilingi mliyotoa na kutuacha na deni.

Hatukununua siku hiyo kwa sababu ya mweka hazina wetu. Alimwuliza mwenye duka kama tunaweza kuzisikia kanisani kwanza. Yule bwana alikubali bila shida, tukaacha amana, tukabeba jozi mbili: ile ya bei ya juu na nyingine iliyogharimu kama theluthi yake. Jumamosi tukaziweka pale zilipokuwa za zamani, juu kwenye pembe mbili za ukuta nyuma ya kwaya. Tukaweka muziki uleule tuliousikia dukani.

Ilikuwa ni kama kufungua redio bafuni. Waimbaji waliokuwa wakivuta pumzi walikuwa wamezama. Tulitazamana na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Ndipo tukamkumbuka kijana wetu, tukamwendea nyumbani kwao, tukaomba msamaha mbele ya mama yake, naye akaja. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuzima kila kitu na kupiga kofi moja katikati ya kanisa tupu. Kofi likapanda kwenye mabati, likaenda ukuta wa nyuma, likarudi, na tukalihesabu kwa saa ya simu. Lilikaa hewani kama sekunde tatu. "Mnaimba silabi tatu au nne kwa sekunde," alisema. "Silabi ya kwanza bado iko hewani na mnaongeza ya kumi juu yake."

Hapo ndipo tulipoelewa maneno ya nyanya. Chini ya jakaranda sauti ikishampita haina ukuta wa kuirudisha. Humu ndani tuna sakafu ya saruji, kuta za plasta, madirisha ya kioo na paa la mabati. Hakuna kitu kinachomeza sauti isipokuwa ninyi wenyewe mkija na sweta zenu. Ndiyo maana kanisa lililojaa husikika vizuri kuliko kanisa tupu, na ndiyo maana mazoezi ya Jumamosi yalikuwa yakitudanganya.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika Jumba la Sanaa la Fogg, na wanafunzi hawakuelewa neno la mwalimu. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, akapewa kazi ya kuurekebisha. Usiku, mji ukiwa kimya, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, Sanders Theatre, wakaipanga ndani ya ukumbi ule mbaya, wakapiga filimbi ya kinanda, wakapima sauti inachukua muda gani kufa. Ukumbi ukiwa mtupu ilichukua sekunde tano na nusu hivi. Kila walipoongeza mito muda ulipungua, na asubuhi mito ilirudishwa mahali pake. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo: chumba kikiwa kikubwa sauti hukaa zaidi, na vitu vinavyomeza sauti vikiongezeka hukaa kidogo. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa hesabu zake. Hakuna mahali katika kanuni hiyo palipoandikwa bei ya spika.

Lakini hatutaki mseme Kamati inafundisha kwamba spika zote ni sawa. Si sawa. Tulitaka kujua zinatofautiana wapi, na hapo tulijifunza kwamba kuhukumu spika ni kazi ngumu kuliko kuhukumu kwaya kwenye mashindano.

Shida ya kwanza ni macho. Mtafiti wa Kanada, Floyd Toole, ametumia miaka mingi kuwaweka watu nyuma ya pazia wasione spika wanayoisikiliza. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walewale, wakisikiliza spika zilezile, walitoa alama tofauti pazia lilipoondolewa. Macho yaliwapa spika kubwa na za bei alama ambazo masikio hayakuzipa. Na miongoni mwao walikuwamo watu wenye uzoefu wa kusikiliza. Sisi tulikuwa tumeiona bei kabla ya kusikia sauti, sasa tungehukumu vipi?

Shida ya pili ni ukubwa wa sauti. Ukipandisha spika moja hata kidogo tu juu ya mwenzake, kiasi ambacho hutambui kwamba ni kubwa zaidi, sikio litasema hiyo ndiyo iliyo safi. Sikio letu pia halisikii besi vizuri sauti ikiwa ndogo, kwa hivyo inayopigwa kwa nguvu huonekana imeshiba. Anayetaka kukuuzia kitu anahitaji kugusa kidude kimoja tu. Hatusemi mwenye duka alifanya hivyo. Tunasema sisi hatukuangalia.

Kwa hivyo tulirudi kwenye chumba cha maombi, kile kidogo chenye zulia, tukatundika majoho yote ya kwaya ukutani, tukafunga kamba na kutandaza kitambaa cheusi. Nyuma yake kijana wetu alikuwa na jozi tatu: zetu za zamani, za kati na za bei. Kila jozi iliwekwa mahali palepale, kwa sababu kusogeza spika nusu mita tu karibu na ukuta kunabadilisha sauti yake. Alizisawazisha kwa programu ya simu inayopima desibeli. Tulisikiliza vitu tunavyovijua: sauti ya mwenyekiti wetu akisoma matangazo, sauti ya nne wakiimba peke yao, na kayamba. Kayamba ni hakimu mkali. Spika mbaya huifanya isikike kama mtu anayemwaga changarawe.

Tuliandika alama kwenye karatasi bila kuzungumza, na kila jozi ilipigwa zaidi ya mara moja bila sisi kuambiwa. Zetu za zamani zilijitambulisha mara moja, kila mtu anayesema alikuwa kama yuko ndani ya debe. Kati ya zile mbili mpya, za bei zilishinda, na zilishinda kila mara. Sauti zilikuwa sawasawa kutoka chini hadi juu, hakuna noti iliyoruka mbele ya wenzake, na ukisogea hatua tatu kando, mtu alibaki kuwa mtu yuleyule. Hicho cha mwisho ni kipimo kizuri, na hakihitaji mashine. Usikae mbele ya spika tu, tembea kwenda kando huku mtu unayemjua anasoma. Kama "sasa" na "shusha" zinazimika unaposogea, spika hiyo inawatendea haki watu wa benchi moja tu.

Kulikuwa na ubishi mmoja tunaoukumbuka kwa kicheko. Kiongozi wa sauti ya nne alisema jozi ya kati haina besi kabisa, na aliyekaa ukutani akasema ina besi ya kuumiza kifua. Karibu wakosane. Kijana akawaambia wabadilishane viti, na kila mmoja akaanza kusema maneno ya mwenzake. Katika chumba kidogo mawimbi ya besi hugongana na kuta, yakajazana kando na kupungua katikati. Wawili hao walikuwa wanahukumu viti.

Kisha tukarudi kanisani. Safari hii tulitumia maneno yanayofanana: pata, bata, kata, tata, na mengine ya namna hiyo, ishirini kwa jumla. Mtu alisoma kwenye maikrofoni, na sisi tukiwa benchi la mwisho tukaandika tulichosikia. Kwa spika za bei ya juu tulipata tisa. Kwa zetu za zamani, zile za debe, tulipata manane. Ndugu zangu, neno moja! Tungelipia pesa yote ile kwa neno moja.

Kijana alisema kwanza tuzishushe pembeni. Spika ikikaa karibu na ukuta, ukuta unaongeza besi, na ikikaa pembeni ambapo kuta mbili zinakutana na dari iko karibu, besi inavimba mpaka inafunika maneno. Zaidi ya hayo zilikuwa nyuma ya maikrofoni, kwa hivyo maikrofoni ilisikia spika, ikairudishia sauti yake, spika ikaipaza tena, na huo ndio ule mlio tuliomfukuzia mtoto wa watu. Tulizileta mbele ya kwaya, tukazitoa kwenye kuta za kando, tukaziinua juu ya vichwa na kuziinamisha zielekee mabenchi ya nyuma. Zikiwa juu, umbali wa benchi la kwanza na la mwisho haupishani sana kama zilivyokuwa chini, kwa hivyo wa mbele hawapigwi tena masikioni ili wa nyuma wasikie.

Baada ya kusogeza tu, bila kununua kitu, za zamani zilipanda hadi maneno kumi na moja. Na hapa likatokea jambo ambalo lilitunyamazisha. Za bei zilipata kumi na mbili, na za kati zikapata kumi na tatu. Tulirudia, ikawa hivyohivyo. Zile za kati zina pembe fupi mbele, kama mdomo wa tarumbeta, inayoelekeza sauti kwa watu. Za bei zilitengenezwa kutawanya sauti kwa upana, jambo tamu sana kwenye sebule yenye makochi, lakini kwetu upana huo ulikuwa unamwaga sauti kwenye kioo na mabati, nayo inarudi kama mwangwi. Spika bora ya chumba cha maombi haikuwa bora ya kanisa. Tungehukumia dukani, tusingejua hilo kamwe.

Tulinunua za kati. Kisha ikabaki sehemu ngumu, kwa sababu mfadhili wetu mmoja alikuwa ametoa fungu kubwa kwa ajili ya spika, na sisi tulitaka kulitumia kwa vitambaa. Wawili wetu tulimwendea, na tunakiri tulizunguka sana kwenye chai kabla ya kulisema. Hakukasirika, ila alisema atakuja asikie mwenyewe. Alikuja, akapiga kofi lake katikati ya kanisa, akasikiliza mabati yakimjibu, akasema, "Endeleeni."

Vijana walipendekeza tubandike trei za mayai ukutani, kwa kuwa wameziona kwenye studio za mtaani. Tulikataa. Trei hupunguza kidogo sauti kali za juu, huacha ngurumo ya chini ilivyokuwa, na hushika moto kama karatasi. Wimbi la besi ya hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita tatu, halizuiliwi na kitu chembamba. Tulitumia fremu za mbao zilizojazwa sufi ile ambayo mafundi wa paa huweka chini ya mabati kukinga joto, unene wa sentimita kumi, na nyuma yake tukaacha nafasi kutoka ukutani. Akina mama walishona kitenge cha kufunika. Kitambaa kilichaguliwa kwa mdomo: kama unaweza kupuliza pumzi ikapita, sauti nayo itapita ifike kwenye sufi. Kimoja kizuri sana chenye maua kilikataliwa kwa kipimo hicho na bado kuna mama ambaye hajatusamehe. Nyingi ya fremu ziko ukuta wa nyuma, kwa sababu huko ndiko sauti ilikuwa inagonga na kurudi kwa kishindo. Kofi lililokaa sekunde tatu sasa linakaa chini kidogo ya mbili.

Tuliweka pia spika mbili ndogo katikati ya kanisa kwa ajili ya mabenchi ya nyuma. Sauti husafiri mita kama 343 kwa sekunde, kwa hivyo kutoka mbele hadi hizo ndogo, mita 12, inachukua milisekunde 35. Umeme hauchukui muda wowote wa kuhesabika. Tungeziacha hivyo, aliye nyuma angesikia spika ndogo kwanza, halafu kwaya. Kijana amezichelewesha hizo milisekunde 35 na kuongeza kama 10. Mjerumani Helmut Haas alieleza katika utafiti wake wa mwaka 1949 kwamba sikio huunganisha sauti mbili zikifuatana kwa karibu hivyo, na huamini zinatoka kule ilikotoka ya kwanza. Kwa hiyo mlioko nyuma mnadhani mnasikia kwaya iliyo mbele, na hamjui kuna spika juu ya vichwa vyenu mpaka tumewaambia sasa.

Hesabu yote iko kwenye ubao wa matangazo, imetiwa sahihi na mweka hazina na mzee wa kanisa. Kilichobaki kiko benki. Wiki iliyopita tulisoma tena orodha mpya ya maneno ishirini, na benchi la mwisho likapata kumi na saba.

Nyanya yetu ameketi leo benchi la pili kutoka nyuma, mahali pake pa zamani. Baada ya mazoezi ya juzi alituita kando, tukadhani anakuja kushukuru. Alisema, "Sasa nawasikia vizuri. Sauti ya kwanza mnameza mwisho wa kila mstari, na tena ubeti wa tatu hamjui maneno, mnaguna tu." Mwalimu wa kwaya amelipokea, na sauti ya kwanza mna mazoezi ya ziada Jumanne.

Ombi letu la mwisho ni kuhusu vile vitenge. Tafadhali msibandike mabango juu yake, msipake rangi, na msifunike kwa plastiki wakati wa harusi, maana hewa ikizuiwa kupita, zitabaki kuwa mapambo. Kijana wetu wa mitambo yuko pale kwenye mikseri yake na ufunguo wa kabati anao yeye. Tumemaliza, na tunamrudishia kipaza sauti mwenyekiti.